Angalizo linasema mita mbili: boti ya Matema itoke au ilale?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi naishi Mbeya mjini ila nina boti ya mbao Matema: urefu mita 9, upana mita 1.6, mashine ya farasi 15. Nahodha wangu hubeba vyungu kutoka Ikombe kuja mnadani Lyulilo, na siku nyingine hupeleka mchele na soda vijiji vya chini ya milima, Lumbila na kuendelea, akarudi na usipa. Kusi hii nimeona mara mbili angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Nikamzuia asitoke, na Matema kukawa shwari. Halafu siku isiyo na angalizo katoka alfajiri maji yametulia, saa nane mchana akarudi boti imejaa maji hadi kwenye magoti. Mdogo wangu anavua Kilwa, ananicheka, anasema mita mbili kwao ni siku ya kazi. Huu utabiri wa majini unasomwaje, na unanihusu mimi wa ziwani?

JIBU: Ndugu yangu, unakuhusu sana, ila ulisoma wa maji ya wengine. Angalizo la kilomita 40 na mita 2 linaloenea kwenye simu miezi ya kusi mara nyingi limetolewa kwa ukanda wa pwani ya Bahari ya Hindi, kaskazini kuanzia Tanga, Unguja, Pemba na Dar es Salaam, au kusini upande wa Lindi na Mtwara. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutaja eneo ndani ya sentensi hiyohiyo, lakini picha ikishapita kwenye makundi matatu ya WhatsApp eneo limeshakatwa na tarehe nayo imeliwa. Kabla hujatazama namba yoyote, tafuta vitu viwili: jina la maji na siku linalohusu. Ziwa Nyasa hutajwa kwa jina lake, mbali na Victoria na Tanganyika. Usipoliona jina hilo, hujasoma utabiri wako.

Ukishalipata, soma na mistari ya chini ambayo watu huiruka. TMA ina ngazi tatu: Angalizo kwa rangi ya njano, Tahadhari kwa chungwa, Tahadhari Kubwa kwa nyekundu. Chini ya kila moja kuna "uwezekano wa kutokea" na "kiwango cha athari zinazoweza kutokea". Angalizo lenye uwezekano wa wastani halijakuahidi kwamba mawimbi yatakuja Matema. Limesema yanaweza kuja mahali fulani ndani ya eneo lote lililotajwa, muda fulani ndani ya siku hiyo. Siku ikipita shwari mbele ya nyumba yako, haina maana kwamba walidanganya. Na siku isiyo na angalizo haijasemwa kuwa salama kwa boti ya mita 9. Angalizo la pwani hutolewa upepo unapofikia kama kilomita 40, nawe unaanza kupata taabu mapema zaidi ya hapo. Kwa hiyo utabiri wa kila siku wa saa 24, ule usio na rangi, una faida kwako kuliko angalizo lenyewe.

Sasa hiyo mita mbili. Urefu wa wimbi katika utabiri wa majini ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, unaopimwa kutoka bonde hadi kilele. Ukiambiwa mita 1, mengi yatakuwa chini ya hapo, kama moja katika kila kumi litapita mita 1.1, na ukikaa majini saa kadhaa utakutana na moja linalokaribia mita 2. Hilo moja ndilo linaloingia botini. Vivyo hivyo kasi ya upepo: ni wastani wa dakika kadhaa, kwa kimo cha mita 10 juu ya maji. Mpigo wa ghafla huzidi wastani huo kwa theluthi moja hadi nusu. Kilomita 30 kwa saa iliyoandikwa inaweza kukupiga kwa 40 na zaidi. Tena nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi: kutoka 20 hadi 40 msukumo unakuwa mara nne.

Mdogo wako hakusema uongo, ila amepima kitu kimoja tu. Wimbi lina urefu wa kwenda juu na lina nafasi kati ya kilele na kilele, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua kama boti itapanda au itagongwa. Mabaharia huipima kwa sekunde: muda kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata kupita mahali pamoja. Kwenye maji ya kina kirefu, zidisha sekunde kwa sekunde, kisha zidisha kwa 1.56, utapata mita kati ya vilele. Wimbi la sekunde 9 la bahari kuu nje ya Kilwa lina mita 126 kutoka kilele hadi kilele. Likiwa na mita 2 kwenda juu, ngalawa inalipanda na kulishuka bila haraka. Wimbi la sekunde 5 la ziwani lina mita 39 tu. Mita 2 ndani ya mita 39 ni ukuta, na kabla pua haijainuka vizuri lingine limefika. Yale ya sekunde 3, yenye mita 14 kati ya vilele, hayawi marefu kwenda juu, lakini kwa boti ya mita 9 ndiyo yanayotandika mbao na kurusha maji ndani kwa saa nzima bila kupumzika. Kwa hiyo ukisikia mita mbili, uliza za sekunde ngapi. Taarifa ya redioni haitakwambia, lakini unaweza kukadiria mwenyewe, na hapa ndipo ningependa ukae na nahodha wako mkaelewane.

Wimbi hujengwa na vitu vitatu: kasi ya upepo, muda uliovuma, na urefu wa maji ambao upepo umeyapita bila kukutana na nchi kavu. Chukua upepo wa kilomita 40 kwa saa, ule wa angalizo. Ukipita juu ya maji ya kilomita 10, hujenga wimbi la nusu mita na kidogo, la sekunde 3, na unahitaji kama saa mbili. Ukipita kilomita 50, wimbi linafika mita 1.25, sekunde 5, baada ya saa tano hadi sita. Ukipita kilomita 150, unapata mita 2 na zaidi, sekunde 7, lakini sharti uvume bila kukatika kama saa 11. Hizi ni hesabu za kawaida za maji ya kina kirefu, na Nyasa ina kina cha kutosha: sehemu yake ya chini kabisa inakaribia mita 700.

Chukua ramani. Ziwa hili lina zaidi ya kilomita 550 kutoka kaskazini hadi kusini, na hata pale lilipo pana zaidi halizidi kilomita 75 au hapo karibu. Matema iko kwenye kona ya juu kabisa. Upepo ukitoka kaskazini au magharibi, maji yaliyo juu yako ni kidogo. Hata uvume kilomita 40, ufukweni kwako ni viwimbi tu, ingawa utakusukuma mbali na nchi kavu na hilo nalo lina hatari yake mashine ikizima. Upepo ukitoka kusini mashariki, unafuata mhimili wa ziwa, milima ya Livingstone upande mmoja imeusimamia kama ukuta wa korido, na maji yaliyo mbele yako ni zaidi ya kilomita 100. Kilomita 40 ileile, ziwa lilelile, lakini wimbi limetoka nusu mita hadi mita 2. Utabiri wa Ziwa Nyasa unaandikwa kwa ziwa zima. Mtu wa Matema lazima asome mwelekeo kabla ya kasi.

Mwelekeo nao una mtego wake. Katika utabiri, upepo huitwa kwa upande unakotoka, na mawimbi vivyo hivyo. "Kusini mashariki" ni unakuja kutoka huko. Lakini vishale kwenye programu nyingi za simu vimechorwa kuonyesha unakokwenda. Mtu akitazama kishale kinachoelekea kaskazini magharibi akakisoma kama upepo wa kaskazini, amegeuza kila kitu.

Tuje kwenye siku ile ya asubuhi shwari na mchana wa kukumba maji. Haikuwa bahati mbaya, na nadhani itajirudia. Usiku milima na bonde la Kyela hupoa kuliko ziwa, hewa nzito inateremka kuelekea majini, yaani kutoka kaskazini na mashariki. Upepo huo mdogo unapingana na kusi karibu na ufukwe, na alfajiri Matema inakuwa kioo. Kusi haijaondoka. Ipo juu kidogo na ipo kusini zaidi katikati ya ziwa. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto, hewa inaanza kuchanganyika, na upepo wa ziwani unaanza kuvuma kuelekea Kyela. Kwenye ncha ya kaskazini, upepo huo wa mchana unatoka kusini, upande uleule wa kusi, kwa hiyo viwili vinajumlishwa. Kuanzia saa tano au sita mchana hadi jioni ndiyo saa zenu mbaya. Wenzenu walio ncha ya kusini ya ziwa upande wa Malawi wana hesabu tofauti: kwao upepo wa mchana unaotoka ziwani kuelekea nchi kavu unakwenda kinyume na huo mkubwa, ambao wao huuita Mwera. Ndiyo sababu ushauri wa wavuvi wa huko usiubebe mzima mzima.

Asubuhi hiyo ya kioo ina ishara moja inayoonekana kwa macho. Simama ufukweni, chagua kitu kinachoelea au mtumbwi uliotia nanga mbali na mahali mawimbi yanapovunjikia. Anza kuhesabu sekunde kilele kinapopita, hesabu vilele vingine kumi, gawa muda kwa kumi. Sekunde 2 hadi 3 na vijiwimbi vidogo: ni upepo wa hapohapo. Ukipata sekunde 5 au zaidi huku hewa imetulia na maji yana mgongo laini unaoinuka polepole, mgongo huo umetengenezwa mbali. Kundi la mawimbi ya sekunde 5 husafiri kama kilomita 14 kwa saa, kwa hiyo lililokufikia alfajiri lilianza safari usiku, na kuna upepo mkubwa huko chini ya Manda ambao Matema bado hamjauona. Hapo boti ilale hata kama utabiri ni mzuri.

Kusi yenyewe haivumi sawasawa kuanzia Mei hadi Septemba, huja kwa mikupuo. Mgandamizo mkubwa wa hewa unapopita kusini mwa Afrika na kuingia upande wa Msumbiji, husukuma hewa ya baridi kuelekea kaskazini kupitia mabonde ya Zambezi na Shire, ikaingia kwenye korido ya ziwa. Mkupuo mmoja kwa kawaida huchukua siku mbili hadi nne. Utabiri wa siku tano wa TMA na ramani za mgandamizo huuona mapema, siku mbili au tatu kabla, na huu ndio upande ambao utabiri wa majini uko imara kuliko yote. Wewe uliye Mbeya una faida nyingine: hewa hiyohiyo ikipanda nyanda za juu huleta ukungu na manyunyu ya baridi Makete, Njombe na miteremko ya Rungwe. Ukisikia Tukuyu imefunikwa ukungu mchana kutwa katikati ya Julai, mpigie nahodha simu. Sakitu (umande ulioganda) ya Kitulo ni habari tofauti, hiyo huja usiku wa anga safi na upepo uliotulia, mara nyingi mkupuo ukiwa umeshapita.

Msiidharau miezi hii. Meli ya abiria Viphya, iliyokuwa mpya na kubwa kuliko boti yako mara nyingi, ilizama kwenye ziwa hili tarehe 30 Julai 1946 na kuua watu zaidi ya 140.

Masika ni mambo mengine kabisa. Kuanzia Novemba hadi Mei, hatari ya Kyela ni wingu la radi, na hapo utabiri hauwezi kukupa saa wala kijiji. "Mvua na ngurumo baadhi ya maeneo" maana yake ni hiyo tu: mahali fulani litashuka. Wingu likikomaa huangusha hewa ya baridi inayotawanyika juu ya maji kilomita kadhaa mbele ya mvua. Utaona mstari mweusi kwenye maji unaokujia, utasikia ubaridi usoni, na upepo utageuka ndani ya dakika mbili au tatu, pengine kutoka upande wa milima ambako hukuutegemea. Mawimbi yake ni mafupi kwa sababu upepo haudumu, kwa kawaida nusu saa hadi saa moja, lakini mpigo wa kwanza unatosha kulaza boti yenye mzigo wa juu. Hesabu sekunde kati ya mwanga wa radi na ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, wingu liko ndani ya kilomita 10, na uamuzi wa kurudi ulipaswa kuwa umefanyika.

Kuhusu programu za simu, zitumie, ila baada ya TMA. Zina makosa manne yanayojirudia. La kwanza ni saa. Nyingine huonyesha saa za dunia, nyuma yetu kwa saa tatu: 00 ni saa tisa usiku kwetu, 06 ni saa tatu asubuhi, 12 ni saa tisa alasiri, 18 ni saa tatu usiku. Mtu akisoma "12" kama adhuhuri amepoteza saa tatu, na kwa Matema hizo ndizo saa zenyewe. La pili ni kipimo: kt ni noti, na noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Noti 20 si upepo mdogo, ni kilomita 37. La tatu, mifumo ya kompyuta ya dunia hugawa nchi kwa miraba. Mmoja unaotumika sana una miraba ya kama kilomita 28, mwingine kilomita 9. Ndani ya mraba wa kilomita 28 milima ya Livingstone na maji vinakuwa kitu kimoja, kilima cha wastani, na upepo wa koridoni unapotea. Ukiweza kuchagua, chagua ule wa kilomita 9, na bado uongeze kidogo kichwani. La nne, ukurasa wa mawimbi wa programu nyingi umetengenezwa kwa bahari. Ziwani huachwa mtupu, au huonyesha namba isiyo na maana. Soma upepo kutoka hapo, halafu wimbi lipige mwenyewe kwa hesabu niliyokupa juu.

Na Kilwa? Ikiwa unafikiria kuingia ubia na mdogo wako, ujue utabiri wa pwani una vitu viwili ambavyo ziwani havipo. Kuna maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kwenye pwani yetu hupita mita 3, na maji yanayotoka kwa nguvu kwenye mlango yakikutana na kusi inayoingia, wimbi la mita 1 linasimama wima na kuvunjika. Saa mbili baadaye mlango huohuo unapitika kwa starehe. Kwa hiyo huko mtu husoma jedwali la maji pamoja na utabiri wa upepo, moja bila jingine ni nusu ya habari. Pili ni mkondo: nje ya miamba mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi inakwenda nao, mawimbi yanarefuka. Kaskazi inapingana nao, na ndiyo maana siku ya kaskazi ya kilomita 30 inaweza kusumbua kuliko kusi ya kasi hiyohiyo. Vimbunga ni nadra kufika kwetu, lakini Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na taarifa za TMA zilikuwa zimetoka siku kadhaa kabla.

Turudi kwenye boti yako, kwa sababu namba za utabiri hazina maana mpaka uziweke kando ya ubao wako. Pima sehemu ya ubavu inayobaki juu ya maji boti ikiwa na mzigo wa kawaida, pale palipo chini zaidi. Kwa boti ya vipimo vyako, eneo linalokalia maji ni kama mita za mraba 10, kwa hiyo kila kilo 100 inaizamisha sentimita moja hivi. Tani moja ya mchele ni sentimita 10. Kama ikiwa tupu ubavu una sentimita 55 juu ya maji, na mzigo na watu vikafika tani moja na nusu, umebaki na 40. Wimbi la nusu mita la sekunde 3 likija ubavuni linaweza kuingia ndani.

Kwa boti hiyo, mipaka yangu ingekuwa hii. Utabiri wa upepo wa kusini au kusini mashariki ulio chini ya kilomita 20 kwa saa hadi jioni: itoke. Kati ya 20 na 30: itoke alfajiri na nusu ya mzigo, safari fupi ya Ikombe, iwe imerudi kabla ya saa tano. Kufika 30 na kuendelea: isitoke na mzigo wowote, hata asubuhi ikiwa kioo. Na afisa wa bandari au wa TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, akisema hakuna kutoka, mjadala umeisha. Cha kuangalia ni upepo wa saa ya kurudi, maana ya kutoka kila mtu anaiona kwa macho.

Safari ya kurudi ndiyo iliyomjaza nahodha wako maji. Kwenda Lumbila anakwenda dhidi ya kusi, pua inakata, anaona kila wimbi. Kurudi Matema mawimbi yako nyuma, boti inaonekana nyepesi, mtu anaongeza moto. Boti yenye mzigo na farasi 15 inakwenda labda kilomita 10 hadi 12 kwa saa. Kilele cha wimbi la sekunde 4 kinakwenda 22. Kinampita, kinainua nyuma, pua inachimba, usukani hauna nguvu kwa muda mfupi, na boti inageuka ubavu mbele ya wimbi linalofuata. Dawa ni kupunguza mwendo ili wimbi lipite, mzigo kusogezwa nyuma kidogo na kukaa chini kabisa, vyungu visirundikwe juu ya ukingo, na wimbi lisipewe ubavu hata sekunde moja. Akiona hali imezidi nguvu, ageuze pua kuelekea upepo akichagua mahali maji yalipolala kati ya makundi ya mawimbi makubwa, alikabili wimbi kwa mshazari kidogo, moto mdogo tu wa kushika njia, na mtu mmoja kazi yake iwe ndoo. Chini ya milima asikimbilie mawe: sehemu nyingi hakuna ufukwe wa kutua, na wimbi linalorudi kutoka kwenye mwamba hugongana na linalokuja.

Akifika Matema bado hajamaliza. Wimbi huvunjika maji yanapobaki na kina cha kama mara 1.3 ya urefu wake, kwa hiyo la mita 1 linavunjika penye mita 1.3, mahali boti inapokaribia mchanga. Asubiri nje, ahesabu makundi, aingie nyuma ya wimbi kubwa la mwisho. Mlango wa mto Lufilyo auepuke siku ya kusi, hasa baada ya mvua: mkondo unaotoka na wimbi linaloingia hufanya kile nilichosema cha Kilwa, bila jedwali la kukuonya.

Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, la akiba. Dhidi ya mawimbi mashine inaweza kula mara moja na nusu ya kawaida. Jaketi okozi zivaliwe tangu ufukweni, kwa sababu zikiwa chini ya magunia ya mchele ni mzigo mwingine tu. Chini ya milima mtandao hukatika, kwa hiyo utabiri usomwe kabla ya kuondoka, na mtu wa nchi kavu ajue saa ambayo boti isipoonekana aanze kuuliza.

Mpe nahodha daftari. Jioni aandike utabiri wa kesho: mwelekeo, kasi, saa. Kesho yake saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri aandike alichoona. Mapovu meupe machache huku na huku ni kilomita 12 hadi 19 kwa saa, mengi ya mara kwa mara ni 20 hadi 28, meupe kila mahali na rasharasha zikianza ni 29 hadi 38, na vilele vikubwa vyenye mapovu mapana na rasharasha za kudumu ni 39 na kuendelea. Kusi moja ikipita, mtaona utabiri wa Nyasa unapungukiwa kwa kiasi gani mbele ya Matema na upepo ukitoka upande gani, na mipaka niliyokupa mtaisogeza wenyewe.